Mzigo wa Kiti cha Nyuma

Kila asubuhi mkanda wa kiti cha nyuma ulikutwa umefungwa. Muhiddin aliufungua huku akimlaumu Jaku, fundi wa chuo cha urubani, ingawa Jaku hakuwa mtu wa kuchezea mikanda. Ndege ile ndogo ya mafunzo ilipaa na watu wawili tu: Muhiddin mwalimu na Nadra mwanafunzi wake. Nyuma hakukaa mtu.

Nadra alikuwa na jicho zuri. Muhiddin alimfundisha kama alivyofundishwa yeye: unapokuja kutua, uwanja ukisimama mbele yako kama mkeka ulioegemezwa ukutani, uko juu mno, ukilala kama mkeka uliotandikwa, uko chini, ongeza moto wa injini. Msichana alilishika hilo upesi. Lakini tangu ulipokatwa mkwaju uliokuwa mwishoni mwa uwanja, ndege ilikuwa ikizama kila inapokaribia kutua, nzito, na ndani inanuka ukwaju uliochacha.

"Mwalimu, niko chini," Nadra alinong'ona siku moja. "Na moto nshaongeza."

Muhiddin alimpokonya usukani, magurudumu yakaponea chupuchupu juu ya vichaka. Walipotua akamwambia hana jicho. Wakubwa wa chuo nao akawaambia hivyo hivyo, wakasema akikosea tena aondoke. Nadra hakujitetea. Alikwenda kukaa kivulini, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na Muhiddin akaona aibu, maana mwenye makosa alimjua.

Mkwaju ule ulikuwa na mwenyewe, jini. Wanakijiji waliufukizia ubani, na Bi Mashavu, mtunzaji wake, alimwomba Muhiddin asubiri mpaka Ijumaa, wamtake radhi aliyemo na kumwonyesha pengine pa kukaa. Muhiddin alisema sawa, bibi. Kesho yake akaleta msumeno. Mti uliwalazimisha wanafunzi waje juu mno, na mambo ya mizimu, alijiambia, ni ya watu wa shamba. Ujuba huo wa mtu wa mjini!

Alasiri ile, Nadra akiwa bado kivulini, Muhiddin alipaa peke yake, apate kujihakikishia kwamba ndege ni nzima. Alipogeuza kuja kutua alisikia mkanda ukifungwa nyuma yake, taratibu, kama anavyofunga abiria asiye na haraka, kisha harufu ya ukwaju ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na uwanja ukaanza kulala, ukalala, huku yeye akiongeza moto na ndege ikizidi kuzama, na pumzi ya mtu ikimpiga shingoni, baridi, karibu kabisa na sikio, mpaka sauti ikamuuliza kwa upole:

"Kwangu wapi?"

Alitua hajui ametuaje. Hakusubiri hata kuvua viatu vya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mashavu, akamwamkia, akamweleza yote, pamoja na uongo aliomzulia Nadra. Bibi hakumkaripia. Alimpeleka kwenye kisiki, akafukiza ubani, akafukia kokwa ya ukwaju na kuimwagilia maji.

"Nshamwomba radhi, kakubali," alisema. "Lakini mti huu mpaka ukue, yeye atakaa wapi?"

Muhiddin aligeuka kuitazama ndege uwanjani.

"Jini hakai hewani, mwanangu. Ama abaki kwenye ndege, ama apate mwanadamu awe kiti chake."

Muhiddin alimfikiria Nadra peke yake huko juu, uwanja ukimlalia, na nyuma yake yule. Moyo ulimuuma kuliko alivyoogopa.

"Basi na akae kwangu mimi," alisema.

Asubuhi aliwaambia wakubwa, mbele ya Nadra, kwamba kosa lilikuwa lake na msichana alisingiziwa. Akamwambia Nadra apae peke yake. Yeye akakaa kwenye benchi la Jaku, akatazama. Ndege ilizunguka, ikaja, si juu, si chini, ikateremka kwa pembe ile ile mpaka magurudumu yakagusa bila kishindo. Muhiddin alilia.

Nadra alikuja mbio.

"Mwalimu, leo nyepesi!"

Muhiddin alitaka kusimama ampongeze, akashindwa kuinuka. Nadra alimshika mkono amwinue, akavuta, akavuta tena. Akamwita Jaku, wakavuta wote wawili, na benchi likalia chini yake kama linalopasuka.

"Mwalimu," Nadra alinong'ona, "mbona mzito hivi?"