Vifuniko Kumi na Kimoja

Vifuniko kumi na kimoja vya chuma vilikuwa vimetoweka barabarani, na hakuna mtu aliyevunjika hata kidole. Hilo la pili ndilo lililomsumbua Inspekta.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya chemba ya kwanza ya maji ya mvua, mikono kiunoni. Mwizi alikuwa amechomeka vijiti vinne kulizunguka shimo na kufunga vitambaa vyekundu. Mashimo yote kumi na moja yalikuwa hivyo hivyo.

"Mwizi mwenye adabu zake," alisema koplo. "Bahati nzuri tumeshamkamata, afande."

"Nani?"

"Sumaku. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Umekuta vifuniko kwake?"

"Hapana."

"Kuna shahidi?"

"Afande, chuma kikipotea, mtu wa chuma si ndiye..."

"Na mbuzi akipotea, tumfunge mwenye bucha?"

Inspekta alikuwa amemwona mke wa Sumaku pale kaunta ya kituo, mtoto mgongoni, akikataa kukaa kwenye benchi mpaka aambiwe mumewe ana kosa gani. Moyoni alitamani mtu yule awe hana hatia.

Alipiga magoti akakagua ukingo wa chemba. Haukuwa na mkwaruzo. Mtaimbo ungeacha alama. Aliyefungua hapa alikuwa na ndoano maalumu ya kuinulia vifuniko. Kisha akachungulia ndani. Chemba ilitakiwa kuwa na kokoto chini, maji yaingie na kunywewa na ardhi. Hakuona kokoto. Tope lilikuwa limejaa hadi shibiri moja kutoka juu.

"Fungua hiyo ya jirani, yenye kifuniko."

Koplo alihangaika nayo mpaka shati likamlowa. Ndani kulikuwa kutupu, kokoto zinaonekana. Wakafungua nyingine tatu, zote zikawa safi. Zilizoachwa wazi ndizo zilizoziba, zote kumi na moja.

"Alijuaje, na zilikuwa zimefunikwa?" koplo aliuliza.

Inspekta alikuwa akitazama mawingu, halafu mteremko. Mwisho wa barabara palikuwa na shule ya chekechea, madirisha wazi, watoto wakihesabu kwa sauti. Chemba zikikataa maji, yangeteremka yote hadi mlangoni pao.

Muuza magazeti wa pembeni hakuhitaji kubembelezwa.

"Nilimwona jana mchana kweupe. Mzee, kizibao cha njano cha idara, mkokoteni. Fundi wa serikali anafanya kazi Jumapili! Nikasema leo dunia inaisha."

"Hukumuuliza kitu?"

"Nani humuuliza mtu mwenye kizibao? Alikuwa anagonga kila kifuniko kwa fimbo, anatega sikio, kama anachagua tikiti maji. Kingine anakiacha, kingine anakiinua kwa ndoano hadi mkokotenini."

Katika ofisi ya idara ya barabara, msimamizi wa mitaro alileta daftari la ukaguzi akilikumbatia. Chemba arobaini, na kina cha tope kwa kila moja. Sentimita tano. Mwaka uliofuata, sentimita tano. Inspekta alifunua miaka tisa.

"Mimi miaka tisa hii nimeota mvi," alisema. "Mtaro wenu hauzeeki?"

"Nilikuta hivyo, afande."

"Ukapima?"

"Nilikuta hivyo," alirudia, safari hii kwa sauti ndogo. "Nikanakili."

Sahihi ya mwaka wa kwanza wa sentimita tano ilikuwa ya mtu mwingine.

"Huyu nani?"

"Baba Fimbo. Mkaguzi wa zamani. Alikuwa anajua chemba imejaa kwa kuigonga tu. Tupu inalia, iliyojaa inabweka. Alistaafu miaka sita iliyopita."

Baba Fimbo walimkuta barazani kwake, amevaa vizuri, kizibao kimekunjwa magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa. Nilidhani mtakuja saa mbili."

"Mzee, una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza miaka tisa. Inatosha."

"Vifuniko viko wapi?"

"Stoo ya idara. Mlinzi ananijua, akanifungulia, akaandika kitabuni: vimerudi kumi na kimoja. Hakuna aliyekisoma kitabu hicho leo, eti?"

Koplo alitoka kupiga simu. Alirudi akitikisa kichwa: vipo, vimepangwa, vimefunikwa turubai.

"Kwa nini, mzee?"

"Tangu mwezi uliopita nimeandika barua tatu kuhusu tope. Zikapigwa mhuri, basi, hakuja hata mbu. Nimeondoa vifuniko siku moja, amekuja Inspekta na koplo wake."

"Hiyo ni nusu. Sahihi ya sentimita tano ni yako."

Mzee alitazama magoti yake. Alipoanza kusema, alisema taratibu.

"Magoti yaliharibika miaka mitatu kabla ya kustaafu. Kushuka chembani siwezi, kusema siwezi, aibu. Nikanakili za mwaka wa nyuma. Nilidhani atakayenirithi atapima. Kumbe alirithi uongo wangu. Binti yangu anafundisha ile chekechea. Mwezi uliopita nilimpelekea mwavuli, nikagonga njia nzima. Usingizi ukaniisha." Alinyoosha mikono yote miwili. "Nifunge, lakini wazibue kwanza. Mvua inakuja."

Inspekta aliisukuma mikono ile chini kwa upole.

"Nyanyuka, mzee. Utawaonyesha pa kuanzia."

Alipiga simu mbili. Ya kwanza ilimtoa Sumaku mahabusu. Ya pili ilikuwa kwa msimamizi wa mitaro, aliyekuja na vibarua kumi na wawili na ndoo, akashuka chemba ya kwanza mwenyewe na futi ya kupimia, suruali yake ya ofisi imekunjwa. Baba Fimbo aliwekewa kiti kando ya barabara. Sumaku naye alitokea na mkokoteni kubeba tope na kurudisha vifuniko kutoka stoo.

"Leo nikionekana na vifuniko, nishuhudieni jamani!" alipaza sauti. Koplo alimwomba radhi mbele ya watu wote.

Walimaliza ya kumi na moja saa nane na nusu. Saa tisa mvua ikashuka bila salamu. Maji yaliteremka kwa kasi, yakafika chemba ya kwanza, yakazama. Ya pili, yakazama. Inspekta akacheka peke yake.

"Jalada tuliandikeje, afande?" koplo aliuliza chini ya mwavuli. "Wizi?"

"Andika mali imepatikana. Idara yenyewe ilikuwa nayo stoo. Mzee nimempa onyo kwa kuacha mashimo wazi, na daftari la sentimita tano linabaki kituoni kama kielelezo."

Mvua ilipopungua, kengele ya shule ililia. Baba Fimbo aliinuka na fimbo yake, akatazama viatu vya watoto vikipita jozi moja moja mbele yake, soli zimelowa, juu pakavu. Binti yake alitoka wa mwisho.

"Baba, mbona unalia?"

"Nimepima kwa viatu vyao, mwanangu," alisema. "Leo hata idara imepima."