Upande wa Pili wa Kaseti ya Himid

"Ghalia, Himid ni nani?"

Dada yangu Turkiya hakuanza hata na salamu. Alipiga simu kutoka Unguja siku ya Jumatatu, baada ya Alasiri, nami nilikuwa nimesimama sebuleni kwetu Ibra, Omani, na unga mikononi.

"Himid gani?"

"Huyo aliyemo kwenye kaseti uliyoniletea. Leo nimeigeuza upande wa pili. Nikasikia kama mabati yanaburutwa barabarani, kisha mwanamme anazungumza Kiswahili. Anamwita Najla. Ghalia, huyu anamtaka mwanao, na anangoja jawabu."

Nilikaa chini pale pale kwenye zulia.

Mama mwenzangu unayesoma, kama una binti ndani ya nyumba, tulia unisikilize. Sikuandikii haya kwa kujifurahisha.

Najla ni binti yangu mkubwa. Mwaka ule wa 1999 alikuwa anasomea ualimu Nizwa, akilala bweni na kurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Rafiki yake mkubwa alikuwa Maram, msichana wa Sur aliyemtangulia mwaka mmoja. Himid ni kaka yake Maram, kijana wa kazi kwenye mitambo ya gesi. Siku moja alikwenda kumchukua dada yake chuoni, gari linanguruma gitaa la umeme mpaka vioo vinatetemeka. Najla akamwambia apunguze. Himid akazima kabisa, akamwuliza kilichomuudhi ni sauti au ni wimbo. Najla akasema ni sauti, wimbo hata hajausikia. Ndipo yalipoanzia.

Basi zikaanza kuja kaseti, kupitia kwa Maram. Muziki wa roki mtupu. Himid alikuwa mgonjwa wa muziki ule tangu utotoni. Kila wimbo alijua nani kapiga ngoma na mwaka gani. Najla naye akaambukizwa. Akiosha vyombo anapiga vidole kwenye sinia. Nikimwambia azime kelele zake, ananicheka.

"Na hizo taarabu zako, mama, mtu analia saa nzima kwa kuachwa, hizo si kelele?"

Mimi sikuwahi kuzisikiliza zaidi ya dakika mbili. Nilikuwa nikifunga mlango tu.

Mamake Himid alikuja kuposa. Nikaulizia, kama tunavyoulizia sote. Sur wakaniambia kijana anasali, ana kazi, hana mkono mrefu, lakini ana wazimu wa roki, na zamani alikuwa akifuga nywele mpaka mabegani. Miaka ile watu wakisema vijana wa muziki ule wanamwabudu shetani. Nami nikaona sisi tuliotoka Afrika tushatazamwa kwa jicho la pembeni, nani ataniambia nini nikimpa mwanangu mtu kama huyo? Mume wangu Sleyum alisema aulizwe mtoto mwenyewe. Nikamwambia mambo ya posa aniachie mimi. Nikajibu msichana bado anasoma, jawabu ambalo kila mtu analijua maana yake.

Mwezi wa kumi, Maram, aliyekwisha kumaliza chuo na kurudi Sur, alipita Ibra na babake wakienda Maskati. Alidhani Najla yupo. Akanikuta mimi peke yangu, akanibusu mkono, akanipa kaseti imefungwa kwenye karatasi, akasema, "Ni ya Najla, khala. Tafadhali, mkononi mwake."

Jioni ile ile jirani yetu alikuwa anasafiri kwenda Unguja. Nyinyi mnajua ilivyokuwa kwetu: barua zetu zilikuwa kaseti. Tunakaa mbele ya redio, tunasema habari zetu zote, msafiri anachukua. Na mimi sikuwa na kaseti tupu. Niliitazama ile ya Himid. Alikuwa amevivunja vile vipande vya juu ili mtu asirikodi juu yake. Sote tunajua dawa yake: unajaza karatasi kwenye vitundu, mashine inakubali. Nikajaza karatasi. Nikarikodi upande wa kwanza wote, habari za magoti yangu, bei ya samaki, nani kazaa, nani kaolewa. Wallahi nilidhani ni kelele tupu. Lakini nisiwafiche, nilifurahi pia kuifuta.

Najla aliporudi sikumwambia kitu.

Baada ya hapo kaseti hazikuja tena. Mwanangu alingoja Shaaban yote. Ramadhani ikaingia ikatoka. Msichana wa kwetu hapigi simu nyumba ya mwanamme. Alikuwa anakonda kimyakimya, na sinia likawa linaoshwa bila ya kupigwa vidole. Baada ya Idi ikaja habari kwamba Himid anafunga milka, yaani nikaha, na binti ya ami yake, Alkhamisi, huko Sur. Najla aliisikia mbele yangu, kwa mgeni aliyekuja kunywa kahawa. Alimmiminia mgeni kikombe cha pili, hakumwaga hata tone.

Na ilikuwa wiki ya milka hiyo, Jumatatu, ndipo Turkiya aliponipigia.

"Anasemaje?" nilimwuliza.

"Anasema akikubaliwa, Najla ampe jawabu Maram kabla ya Ramadhani, naye atarudi kwa baba yake Najla akiwa na wazee wengine, hata mara kumi. Asipojibiwa ataelewa kuwa hatakiwi, na hatamsumbua tena." Kisha Turkiya akauliza, "Mtoto amejibu nini?"

Nilimwambia yamekwisha. Nikamwambia asimtajie mtu.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kufuta kaseti kulikuwa kosa, na kosa nimelikiri. Lakini nilikuwa na Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Simu ilikuwa sebuleni. Kila nilipoinua mkono niliona aibu ya kuvunja milka ya watu, niliona watu wa Ibra wanavyonisema, niliona zile nywele za mabegani. Nikajiambia Mungu ameamua. Najla, aliyekuwa nyumbani likizo, alikuwa chumba cha pili anasahihisha madaftari ya mazoezi ya ualimu. Alkhamisi ikafika, Sur wakafunga milka yao.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunachambua mchele. Najla alisema bila ya kuniangalia:

"Mimi sikasiriki kaoa, mama. Watu wanaoa. Lakini angeniaga. Mtu aliyenihadithia kila wimbo aliousikia tangu ana miaka kumi na tatu, akashindwa kuniambia kwaheri."

Sikuweza tena. Nikamwambia yote, tangu Maram mpaka Turkiya. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Watu wa Sur..." nilitaka kumwambia tutazungumza na wazee, sijui hata nilitaka kusema nini.

"Khalati Turkiya alikupigia lini?"

"Wiki hii."

"Siku gani, mama?"

"Jumatatu."

"Milka ilikuwa Alkhamisi."

"Najla, mwanangu, niliogopa."

Aliinuka, akaosha mikono, akapiga simu Unguja. Alimwamkia khalati yake Turkiya vizuri, shikamoo, hali zenu, kisha akamwomba aitie kaseti ile na aiweke redio karibu na simu. Nilisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza niliusikiliza muziki ule mpaka mwisho, kutoka kwenye mkono wa simu alioushika mwanangu mbali kidogo na sikio. Gitaa lilikuwa moja tu, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kisha ngoma zikaingia zote pamoja. Kisha sauti ya kijana, haina kiburi, inatafuta maneno:

"Huu niliusikia kwa ndugu yangu aliporudi masomoni. Alikuwa na kanda moja tu nzima, nyingine zote zilipigwa na jua ndani ya gari. Ngoma zinakaa kimya mpaka katikati, umesikia? Mimi hufumba macho nikingoja pahala pale. Watu wanasema hizi kelele. Mimi nasikia mtu anayelia bila ya kuona haya, na sisi hapa hatuna ruhusa ya kulia hivyo. Upande ule mwingine nimekuambia yote niliyokuwa siwezi kukuambia usoni. Kwa hiyo upande huu nakuuliza tu..."

Najla alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza:

"Upande wa kwanza alisema nini?"

Upande wa kwanza ni mimi na magoti yangu.

Nilimwambia nitampigia Maram mwenyewe, nitakwenda Sur nikaangukie miguu ya watu. Alinizuia.

"Himid asijue. Yule binti aliyeolewa hakumkosea mtu. Akijua, atakaa naye huku anasikitika, na mimi nitakuwa nimefanya kama ulivyofanya wewe."

Alipomaliza chuo aliomba kupangiwa shule za Jabal Akhdhar, mlimani, ambapo wenzake walikuwa wanapakimbia kwa baridi. Anakuja sikukuu, ananibusu kichwa, ananiletea maji ya waridi na makomamanga. Anaongea na babake mpaka wanacheka. Nami ananijibu ninachouliza. Redio haiwashi nyumbani kwangu, wala simkatazi tena.

Mwaka 2003 walikuja watu wa Al Qabil kumposa, watu wazuri, kijana mwalimu mwenzake. Safari hii nilijua wajibu wangu. Sikuulizia kwa majirani, sikukaa na wanawake kupima. Nilimpigia simu huko mlimani, nikamwambia kuna watu wamekuja, mimi sina neno, wewe mwenyewe unasemaje?

Nilisikia watoto wa shule wanapiga kelele nyuma yake.

"Wajibu hao watu unavyopenda, mama," alisema kwa adabu. "Kujibu mimi nilikwisha kukuachia wewe."