Swali Lililomshinda Kidomo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidomo, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kuongea, alimpelekea babu yake vidonge viwili na kikombe cha maji. Babu alikuwa fundi cherehani. Tangu apate kiharusi kilichojeruhi shina la ubongo, upande wake wa kushoto uliwaka kama uliopakwa pilipili. Hata shati lilimuumiza. Dawa za hospitali zilikuwa zimeanza kumtuliza, na sasa aliweza kushona sare za wanafunzi.

"Daktari wangu, umechelewa dakika mbili," Babu alimtania mjukuu wake.

Siku moja rafiki yake Kidomo aliikuta karatasi ya dawa mezani, akaisoma kwa sauti.

"Mh! Dawa ya kifafa! Kumbe babu yako ana kifafa?"

"Hana!"

"Basi mmepewa dawa ya mtu mwingine, shauri yenu."

Maneno hayo yalimkosesha Kidomo raha. Kesho yake alivificha vidonge kwenye kopo la vifungo.

"Babu, nesi amesema upumzike kunywa dawa," alidanganya.

Siku ya tatu Babu hakukalika. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Zima feni! Upepo unanichoma!"

Alivua shati, akaisukuma cherehani kando. Machozi yakamlengalenga. Kidomo hakuwahi kumwona babu yake akilia. Alitoka mbio hadi zahanati, akamweleza nesi kila kitu huku akihema.

Nesi alimpigia daktari simu kwanza, kisha akafuatana na Kidomo hadi nyumbani. Alimpima Babu, akampa kipimo cha dawa alichoagizwa na daktari.

"Ni dawa ya kifafa kweli," alisema. "Lakini hutuliza pia mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa. Mishipa ya Babu ni kama cherehani inayokimbia yenyewe bila kukanyagwa. Dawa hii inaipunguza kasi. Kuikatisha ghafla ni hatari."

Kidomo aliinama. "Nisamehe, Babu. Nilidhani nakulinda."

Babu alimwinua kidevu.

"Kutoielewa karatasi si kosa, mjukuu wangu. Hata mimi nisingeielewa. Kosa ni kuficha dawa na kumsingizia nesi. Ukiwa na shaka, muulize anayejua kabla hujatenda." Kisha akatabasamu kwa shida. "Mdomo wote huo, swali moja tu likakushinda?"

Kesho yake, vidonge vilifika mapema kwa dakika tano.