Rugaibula, Watu Wako Wapi?

Jiwe liligonga jiwe nje ya nyumba, usiku wa manane, kisha likasuguliwa taratibu, kama mtu anatafuta pa kuliketisha. Alistidia akamtikisa mumewe.

"Ishengoma. Kuna mtu anajenga."

"Mwache ajenge," Ishengoma akasema, akajigeuza upande wa pili.

Ndipo ikaja harufu ya baruti, na sauti ya mwanamume aliyechoka: "Rugaibula, watu wako wapi?"

Rugaibula wa nyumba ile alikuwa kichanga kifuani kwa Alistidia, na tangu usiku huo akakataa kunyonya. Nyayo zake zikawa baridi. Kila asubuhi mama yake alimfumbua ngumi akakuta vumbi la mawe, na kila asubuhi Ishengoma alisema ni panya, na mama mkwe, Kokwijuka, alimenya ndizi zake akasema Walutheri hawana majini. Mtoto anaisha, wao wanamenya ndizi.

Alistidia akachoka kuomba ruhusa ya kutafuta mganga. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda lori la kahawa kutoka Muleba hadi Rwamishenye, akarudi na Shehe Burhani, mtoa majini. Shehe hakufukiza kitu. Aliunusa ukuta, akauliza, "Mtoto mmempa jina la nani?"

"La babu yake."

"Na mnamwita kwa sauti, hapa uani?"

"Tumwiteje, shehe? Kwa kunong'ona?"

Burhani akatazama kilima kinachoelekea kisiwa cha Bumbire, yalipo magofu ya ngome. Habari zake zilijulikana kote. Wajerumani walipokuja, kamanda Rweyemamu alikataa kutawaliwa. Alipozingirwa alitafuna buni iliyopakwa damu pamoja na Rugaibula, babu wa mtoto, wakawa ndugu, kisha akamtuma akalete watu. Watu hawakuja. Rweyemamu alikufa akiziba ukuta kwa mawe.

"Anasikia ndugu yake ameitwa, anadhani amerudi," Burhani akasema. "Anataka jibu. Asipolipata, atamchukua huyu akasimame ukutani. Na akidanganywa atajua."

Alistidia akamgeukia mama mkwe. "Mama, baba mkwe alikwama wapi?"

"Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Usimfukue."

"Simfukui, Mama, naomba mtoto, mshike miguu, mshike tu, halafu uniambie tena kwamba hatuna majini, uniambie nisubiri, nimesubiri mpaka maziwa yanataka kunikauka na hakuna hata mmoja humu aliyeniuliza."

Kokwijuka akaishika ile miguu. Akamwomba Burhani asogee migombani, kisha akaweka kiganja ukutani.

"Rweyemamu," akasema kwa sauti ndogo. "Ndugu yako hakwenda popote. Alipita kuniaga, nilikuwa bibi harusi, nikamfunika kwa nyasi za kulalia nikakaa juu yake. Tulisikia bunduki zenu mpaka zikanyamaza. Hakuna watu. Usingoje."

Mchana kweupe, mahali pasipo na jiwe hata moja, mawe yakasikika yakiporomoka, moja, mengine, kisha ukuta mzima, na pumzi yenye harufu ya baruti ikaingia mlangoni ikapita kati ya wanawake wale wawili ikasimama juu ya uso wa mtoto, ikakaa, ikakaa mpaka Alistidia akasahau kupumua, halafu ikatoka kama mtu anayeburuta mguu.

Mtoto akalia, akalitafuta titi. Alistidia akamnyonyesha, akatafuta la kumwita, akakosa.

"Ishengoma akirudi atauliza kwa nini tumeliacha jina la baba yake," Kokwijuka akanong'ona.

"Nitasema nimelichukia tu."

"Hatakusamehe, mwanangu."

"Asinisamehe. Sitamwambia mtu mwingine, Mama. Hata yeye."