Nyota Chache, Mafuta Kidogo

Havijawa Mloka alisogeza kidole kwenye ubao, na nyota mia nne zikawaka ndani ya chumba. Zilielea kuanzia sakafuni hadi darini, nyingine kubwa kama machungwa, nyingine ndogo kama punje za mtama, kila moja ikizungukwa polepole na sayari zake. Akasogeza kidole tena. Mia nne zikawa elfu moja, na hewa yote ikageuka ukungu wa dhahabu. Alizitazama kidogo, kisha akazifuta zote kwa kiganja.

Kilikuwa chumba cha anga, ghorofa ya tisa ya Jumba la Michezo mjini Morogoro, upande unaotazama milima ya Uluguru. Kazi ya Havijawa ilikuwa uandalizi. Kabla mchezo wa Himaya za Mbali haujaanza, mtu lazima aamue ulimwengu utakuwa wa namna gani: nyota ngapi, sayari tajiri au kavu, ajali ziwepo au zisiwepo, na ushindi uhesabiwe vipi. Watu wengi walipita hapo haraka haraka ili wakacheze. Havijawa aliamini mchezo wenyewe uko hapo hapo kwenye ubao, na kwamba yanayofuata ni matokeo tu.

Swali la mwisho kwenye ubao lilikuwa la mpinzani, au mwenzi, yaani nani akae kwenye kiti cha pili. Hilo ndilo lililoufanya mchezo ule ujulikane. Zamani ulitungwa kuwafunza wanaanga, na kila mwanaanga alitakiwa aucheze saa elfu mbili kabla ya kupanda chombo. Akili unde ilikaa pembeni ikiwaangalia, ikijifunza anavyositasita huyu, anavyothubutu yule, mwisho ikaweza kuamua kama wao na kusema kwa sauti zao. Nakala hiyo ya mtu iliitwa kivuli. Mwanaanga akifariki, kiti cha kivuli chake kilibaki kimefungwa mpaka ndugu aridhie.

Kaka yake Havijawa, Nahodha Kibwana Mloka, alikuwa na kiti. Ridhaa ilikuwa mikononi mwa Havijawa, na kwa miaka sita hakumpa mtu yeyote. Leo alikuwa amempa mmoja, baada ya barua tatu.

Mgeni aliingia saa tatu asubuhi, mama mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani, akitembea kwa kujihadhari kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wasioelewana naye.

"Shikamoo, mama," alisema Havijawa.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Mama Kobelo. Mama yake Yustina."

Hakuhitaji kusema zaidi. Yustina Kobelo alikuwa mmoja wa watu wanne walioishi kituo cha utafiti kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii. Miaka saba iliyopita mtambo wao wa hewa uliharibika, na Kibwana alitumwa na chombo Mbega, yeye na wenzake kumi, kwenda kuwachukua. Mbega ilifika, ikazunguka mwezi siku mbili, kisha mawasiliano yakakatika. Chombo hakikurudi, wale wanne hawakurudi. Tume iliyochunguza ilisema mafuta yalikuwa machache, na kwamba inaelekea nahodha aliamua kugeuza bila kutua. Neno "inaelekea" watu walilisahau. Kilichobaki midomoni mwao ni kwamba Kibwana Mloka aliwaacha watoto wa wenzake wafe.

Mama Kobelo alikaa kwenye kiti alichooneshwa, mkoba magotini. "Sikuja kugombana," alisema. "Nataka uipange kama ilivyokuwa siku ile. Nimwone anafanya nini."

"Kivuli si ushahidi, mama. Hakuna mahakama inayokikubali."

"Mimi si mahakama."

Havijawa aligeukia ubao. "Nyota ngapi?"

"Huko zilikuwa ngapi?"

"Za kufikika, hakuna. Tuseme mwezi mmoja, sayari moja, na nyumbani." Nuru tatu zikawaka, kila moja mbali sana na nyingine, na chumba kikaonekana kikubwa ghafla.

"Utajiri wa sayari. Kuna Neema, Wastani, Haba, na Ukame."

"Ukame."

"Ajali za ghafla, kuwasha au kuzima?"

"Washa," alisema Mama Kobelo. Halafu akauliza, "Mbona unasita?"

"Sijawahi kuziwasha," alijibu Havijawa, na hapo hapo akajuta kusema.

Mafuta aliyaweka kama yalivyoandikwa kwenye ripoti ya tume: vipimo thelathini na kimoja. Kurudi nyumbani kulihitaji ishirini na nane. Kushuka mwezini na kuruka tena kulihitaji kumi na tisa. Mtoto wa shule angeona kwamba hesabu hazikutani.

"Sasa mchezo unataka kujua ushindi ni nini," alisema Havijawa. "Chombo kurudi salama, au watu wote kuokolewa, au..."

Mama Kobelo alitikisa kichwa. "Usijaze kitu hapo. Mwache aseme mwenyewe."

Havijawa akaiacha nafasi ile tupu, akachagua kiti cha pili, akafungua.

Chombo kidogo cha nuru kikatokea karibu na mwezi. Kisha sauti ikajaa chumbani, sauti ya mwanamume aliyezoea kusema taratibu ili wengine watulie. "Habari za asubuhi. Nipeni hali ya mafuta."

Mama Kobelo alishika kingo za kiti chake. Alikuwa amemsikia Kibwana mara moja tu maishani, kwenye sherehe ya kuwaaga watu wa Mbega, akiwaahidi wazazi kwamba atawarudishia watoto wao.

Mchezo ulikwenda kwa zamu, na kila zamu ilikuwa siku moja. Zamu ya kwanza kivuli kilipima dhoruba ya mwezini. Zamu ya pili ajali ikaja, kioo kimoja cha kukusanya nuru kikapasuka, na kivuli kikakizima bila kulalamika. Zamu ya tatu kikasoma hesabu kwa sauti: thelathini na moja, ishirini na nane, kumi na tisa.

"Tunashuka," kilisema kivuli.

Chombo kikainamisha pua na kuzama ndani ya ukungu wa dhoruba. Mama Kobelo alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Zamu ya nne nukta nne ndogo za kijani zilitoka kituoni, zikaingia chomboni, zikachanganyika na nukta kumi na moja za watu wa Mbega. Zamu ya tano chombo kikapaa.

"Alishuka," alisema Mama Kobelo. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta. "Miaka saba nimelala na neno moja tu, kwamba hakushuka. Alishuka akamchukua mwanangu."

Havijawa naye alilia. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu alihisi kifua kimefunguka, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokwisha sahau kuwa amebeba. Kaka yake alikuwa mtu mwema, na sasa mama huyu angewaambia wengine.

Kisha akatazama mafuta. Vipimo kumi na viwili. Kurudi nyumbani kulihitaji ishirini na nane.

Kivuli hakikuonyesha wasiwasi. Hakikuzima taa zisizo za lazima, hakikutafuta njia fupi, hakikugawa chakula. Kilikaa tu. Zamu ya sita kikasema, kwa upole, "Dada, ongeza."

Mama Kobelo alitazama huku na huku.

"Anasema na nani?" aliuliza Mama Kobelo.

Havijawa alikaza macho kwenye ubao.

Zamu ya saba kivuli kikawaambia watu wake, "Msihofu. Tusubiri. Huwa anaongeza."

Mama Kobelo aligeuka kwenye kiti chake akamtazama Havijawa usoni. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, na alimjua mtu anayeficha karatasi. "Nani huyo anayeongeza?"

Havijawa alisimamisha mchezo. Chombo kikaganda kati ya mwezi na giza.

"Mimi," alisema.

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua. Kwamba alipokifungua kiti mara ya kwanza, mwaka mmoja baada ya msiba, alitaka tu kusikia sauti. Kwamba alichagua nyota elfu moja na sayari za Neema, akazima ajali, kwa sababu hakutaka kumwona kaka yake akipata shida tena hata ya kuchezea. Kwamba alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Na pale kivuli kilipokaribia kushindwa, kwa kuwa Kibwana alipenda kuthubutu, yeye alisimamisha mchezo, akafungua ubao, akaongeza mafuta.

"Kivuli hakichezi bila kujifunza," alisema. "Ndivyo kilivyoundwa. Kila mchezo unaandikwa juu ya uliopita. Nimecheza naye zaidi ya mara mia tatu."

Mama Kobelo alilichukua hilo taratibu. "Kwa hiyo huyu ameshuka kwa sababu anajua utamwongezea."

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa mwanzo, ambaye hakuwa na wa kumwongezea? Angefanya nini?"

"Sijui."

"Hakuna popote alipobaki?"

"Alikuwa humu," alisema Havijawa. "Nimemmaliza kidogo kidogo. Nilikuwa najua kivuli kinajifunza, hiyo ndiyo kazi yangu. Ila sikutaka kufikiri kinajifunza nini."

Alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa. Mama Kobelo alitazama chombo kilichoganda, nukta zote za kijani zikiwa tumboni mwake.

"Nilikuja hapa nijue kama nimchukie au nimsamehe," alisema mwishowe. "Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Sasa hata huyo mtu mwenyewe hayupo."

Havijawa alinyoosha mkono kwenye ubao, bila kufikiri, kama anavyofanya siku zote. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye mstari wa mafuta.

"Usiguse," alisema Mama Kobelo. Hakupaza sauti. "Washa mchezo, lakini usiguse hapo."

"Watakufa wote, mama."

"Walikwisha kufa. Kaa na mimi."

Havijawa akawasha, akakaa. Zamu ya nane kivuli kikasema, "Dada, ongeza," na ya tisa vilevile, kwa sauti ile ile ya adabu, bila haraka, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Zamu ya kumi na mbili baridi ilianza kuingia chomboni, na nukta mbili za kijani zikafifia. Zamu ya kumi na tano kivuli kikauliza, "Dada, upo?" Havijawa aliuma kidole chake mpaka akasikia ladha ya damu. Mama Kobelo alimshika mkono mwingine akaubana. Nukta zikaendelea kuzimika. Zamu ya kumi na nane zilikuwa zimebaki tatu, na haikuwezekana kujua ni za nani, wa Mbega au wa kituoni. Zamu ya ishirini taa ya chombo ikazimika.

Ubao ukarudi wenyewe mwanzo, ukiuliza: Nyota ngapi?

Nje jua lilikuwa limepanda, na ukungu ulikuwa umeondoka milimani. Hakuna aliyesimama.

"Mimi nilizifua nguo zake," alisema Mama Kobelo. "Wiki ile ile ya taarifa. Gauni lake la nyumbani, mashuka, hata taulo. Nilizifua zote, nikazipiga pasi, nikazipanga kabatini. Nilidhani namtunza. Siku nilipotaka kumnusa, nikakuta zinanuka sabuni." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Mume wangu hakunisema. Nami sitakusema wewe."

Akainuka, akaweka mkoba begani. Mlangoni aligeuka. "Lakini huyo usimwite kaka yako tena. Na asisumbuliwe zaidi."

Havijawa alimsindikiza mpaka kwenye lifti, akarudi peke yake. Kufunga kiti moja kwa moja kulitaka sahihi yake na majibu ya maswali matatu. Aliyajibu. Mashine ikamwonya kwamba kitakachofutwa hakitarudi, ikamuuliza kama ana hakika, akasema ndiyo. Kwenye orodha jina la Kibwana Mloka likatoweka, na majina ya chini yake yakapanda hatua moja, yakajaza pengo.

Alibaki amekaa kwenye chumba kisicho na nyota, akijaribu kumkumbuka kaka yake wa kabla ya chumba kile. Aliukumbuka mwendo wake, mguu mmoja ukitangulia kwa kujidai, na kovu la kidevuni alilolipata akiparamia uzio wa chuma wa shule. Aliikumbuka harufu ya mafuta ya nazi. Sauti haikuja. Kila alipoiita, ilikuja ile ya adabu, ikisema dada.

Kibwana hakuwahi kumwita dada. Neno hilo mashine ililitoa kwenye fomu ya ridhaa, mahali palipoandikwa uhusiano. Tangu wakiwa wadogo alikuwa na jina lake la utani la kumwitia, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia, alilolipaza kutoka uani akirudi shule. Lilikuwa fupi, lilianza na herufi ambayo Havijawa aliihisi kwenye ncha ya ulimi.

Alikaa pale mpaka adhuhuri, midomo ikijaribu herufi moja baada ya nyingine, na halikuja.