Rangi Haikaushi Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya chai, Malachy Devaney alichukua kitambaa akafuta maji kwenye vioo vya madirisha. Alikikamua kwenye ndoo, akawasha moto jikoni. Chumbani, mkewe Attracta alikuwa akikohoa.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe. Babu yake Malachy ndiye aliyeijenga, magharibi mwa Ireland, juu ya kilima ambako mvua hupiga kutoka ubavuni. Malachy aliipenda mno. Lakini daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba kifua cha Attracta hakitastahimili baridi nyingine kwenye unyevu ule. Basi wakaamua kuiuza, wanunue nyumba ndogo mjini, karibu na dada yake Attracta.

Malachy aliamini itauzika upesi, maana ilikuwa imepakwa rangi vizuri. Kijijini kwao kila nyumba hupata zamu ya kupokea Misa. Padri huja, majirani wote huja, na baada ya sala watu hula huku macho yakichungulia kila pembe. Zamu ikikaribia, mwenye nyumba hupaka rangi. Malachy alikuwa amepokea Misa mara sita, na mara sita alipaka ile rangi ya plastiki ya dukani inayong'aa. Zamu nyingine ilikuwa inamjia vuli hiyo.

Mwezi wa tatu walikuja wanunuzi, Lorcan Tuohy na mkewe Gráinne, pamoja na mkaguzi wa majengo. Mkaguzi aligusisha ukutani kifaa kidogo cha kupima unyevu. Kikalia. Akasogea hatua tatu, kikalia tena. Akabonyeza rangi kwa kidole, ikabonyea kama utando wa uji.

"Mzee, hapa umepaka lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ndiyo maana panapendeza hivi," alisema mkaguzi, wala hakutabasamu.

Kesho yake dalali alipiga simu. Wale wawili wamekataa, na wengine nao watakataa, labda Malachy akubali bei ya gofu la nyumba. Kwa bei hiyo wasingepata hata chumba mjini.

Malachy akaenda kununua ndoo nyingine ya rangi.

Alipokuwa akirudi, alikutana langoni na jirani yake, Dympna Gilvarry. Dympna alikuwa fundi mwashi. Alikuwa amekarabati nyumba za kale kwa miaka thelathini.

"Unakwenda wapi na hiyo ndoo?"

"Kupaka."

"Si umepaka juzi?"

"Mkono ule wa rangi ulikuwa mwepesi."

"Nyumba imevaa makoti saba na bado inatetemeka, nawe unailetea la nane. Weka chini, nikuonyeshe kitu."

"Dympna, mimi nimezaliwa humu. Nina miaka sabini na moja."

"Na mkeo amekohoa kumi kati ya hiyo."

Malachy aliweka ndoo chini.

Dympna aligonga ukuta wa nje kwa mpini wa mwiko. Ulitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani.

"Hii saruji aliipiga nani?"

"Baba. Ilikuwa saruji bora."

"Bora kwa tangi la maji. Ukuta wa mawe kama huu hupokea maji ya mvua, halafu upepo ukivuma huyarudisha nje. Babu yako alilijua hilo, akatumia chokaa, maana chokaa hupitisha mvuke. Saruji hupata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yakishaingia, hayana pa kutokea. Sasa yanakwenda wapi?"

"Ndani."

"Na ndani yanakuta nini?"

"Rangi yangu," alisema.

Dympna alimwonyesha mfereji wa paa uliotoboka, na udongo uliorundikana nje hadi juu ya kiwango cha sakafu. Kisha akachomoa gunia kuukuu kwenye tundu la hewa.

"Hilo nilizibia baridi," alisema Malachy.

"Ukaufungia unyevu ndani. Mnapika humo, mnaanika nguo humo, mnapumua humo."

Malachy alitazama dirisha la chumbani. "Miaka yote hii nilidhani namtunza."

"Hukukusudia ubaya. Kijiji kizima hufanya hivyo. Hata mama yangu alipaka juu ya ukungu, padri akamsifu." Dympna akakunja lile gunia. "Ila sasa tufuate utaratibu. Kwanza maji yatoke. Pili joto libaki. Rangi iwe ya mwisho."

"Na Misa je? Kuta zitakuwa uchi."

Dirisha likafunguka. "Padri anakuja kwa ajili ya Mungu," alisema Attracta.

"Majirani ndio wanaokuja kwa ajili ya kuta," alisema Malachy.

"Msikilize Dympna, Malachy. Mimi sina mapafu ya akiba."

Walianza kwa kuomba msaada wa serikali wa kuzuia joto lisipotee, kwa sababu hautolewi kazi ikishaanza. Ulipokubaliwa na baridi kwisha, mafundi walibandua saruji taratibu kwa tindo, mawe yasivunjike. Walishusha udongo wa nje, wakajaza kokoto, wakabadilisha mfereji. Walikwangua rangi zote saba. Kuta ziliachwa zikauke majira yote ya joto. Ndipo wakapiga chokaa nje, tabaka jembamba baada ya jingine. Darini walitandaza sufu nene, wakaacha nafasi pembeni ili hewa ipite. Madirisha ya zamani yalitengenezwa, hayakutupwa.

Siku ya Misa, kuta za ndani zilikuwa bado mawe matupu. Mzee Festus Munnelly alizitazama, kikombe mkononi.

"Malachy, umefilisika?"

"Hapana. Nakausha."

Watu wakacheka, naye Malachy masikio yakamwaka moto. Lakini kabla ya Krismasi, Festus mwenyewe alimwita Dympna akagonge ukuta wake.

Baridi ile vioo havikutoa maji. Attracta alilala usiku kucha. Masika, ndani nako kulipigwa chokaa nyeupe. Dalali alirudi, akasema bei imepanda kwa robo nzima kuliko ile waliyoomba mwanzo.

"Tunaweza kubaki," Malachy alimwambia mkewe.

"Tunaweza. Ila nataka kukaa na dada yangu tukiwa bado tunakumbukana majina."

Lorcan na Gráinne walirudi na mkaguzi yuleyule. Safari hii kifaa chake hakikulia. Walikubaliana mezani, wakila mkate na siagi, kisha Malachy akawazungusha nyumba nzima.

"Rangi ya plastiki, hapana. Hilo tundu msilizibe, hata dhoruba ivume. Mfereji usafisheni kila vuli. Ufa ukitokea, mwiteni Dympna, msinunue saruji."

"Mzee," alisema Lorcan, "unauza nyumba au unamwozesha binti?"

Malachy aliugusa ukuta. "Binti angesema anapoumia. Nyumba hunyamaza tu, mpaka aumwe mtu aliye ndani yake. Andika, kijana."

Lorcan akatoa kalamu.