Nilifuata Kodi Nafuu Ureno, Nikamwacha Salma Thornton Heath

Nina miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Mombasa, na haya nawaandikia kutoka hosteli ya watu wasio na makazi hapa London. Chumba kimoja, choo cha kugombania. Msinihurumie kabla hamjanisikia.

Nilikuwa na nyumba Kilburn, hapa hapa London. Vyumba viwili, nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mtaa, zile ambazo watu huzingoja mpaka wakaota mvi. Nikaichoka. Ukungu ukutani, lifti mbovu, na mshahara wangu wa kutunza wazee wote ukiishia kwenye kodi na umeme. Mume alishaniacha kitambo, nikabaki na binti yangu Salma, wa miaka tisa.

Basi nikaanza kutafuta kwenye simu miji ya Ulaya yenye maisha ya bei nafuu. Kila nikipanda basi kwenda kazini, natazama video. Kijana mmoja alikuwa anakunywa kahawa Porto, kule Ureno, akionyesha kijumba chake chenye roshani na kuapa kwamba kodi yake haifiki nusu ya ile ya London. Jua, samaki wa kuchoma... Wallahi nilikuwa kama niliyerogwa.

Nikarudisha funguo za kaunsili, kwa mkono wangu mwenyewe. Salma nikamwacha kwa rafiki yangu Rehema, Thornton Heath, kusini mwa London, aendelee na shule mpaka nipate nyumba kule. Kwetu hilo si habari. Mimi mwenyewe nililelewa na mama mdogo na sikupungukiwa na kitu. Rehema hakujaliwa mtoto, na alimpokea Salma kwa machozi. Akaniambia, "Nenda dada, huyu ni wangu pia."

Porto nikakuta nini? Vile vijumba ni vya watalii, na wenyeji wenyewe wanalia na kodi. Kazi wanataka Kireno. Pasipoti yangu ya Uingereza, tangu tutoke Umoja wa Ulaya, inaniruhusu kutembea tu, si kuishi. Nikawa nasafisha vyumba vya wageni kwa kujificha, nalala nimebanana na wanawake wenzangu. Kila siku nampigia Salma, namwambia bado kidogo, mama. Mwanzo alikuwa analia. Miezi ilipopita akawa ananijibu kwa Kiingereza, neno moja moja. Kisha Rehema akaacha kushika simu... Nikauza mkufu wangu wa harusi, nikapanda ndege.

Rehema hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni akasema kwa upole kabisa kwamba nikazungumze na maafisa wa ustawi wa watoto. Kumbe alikwisha kuwaambia, na shuleni pia, kwamba nimemtupa mtoto na sijulikani niliko. Mimi niliyepiga simu kila siku! Huyo ndiye niliyemwita dada.

Maafisa wakaniuliza Rehema ni nani wangu. Nikasema ni mama mdogo wa mtoto. Wa damu? Ikabidi nikiri ni rafiki tu. Kumbe huku kumwacha mtoto muda mrefu kwa asiye ndugu bila kuwaarifu ni kosa. Na hata wangenirudishia, ningempeleka wapi? Nyumba sina, na kaunsili wanasema niliiacha kwa hiari yangu, hawalazimiki kunipa nyingine.

Sasa Salma anaishi kwa Rehema, nami namwona Jumamosi, kwenye chumba cha ofisi, afisa ameketi kando yetu. Juzi nilimwambia Salma nimeomba nyumba, ikipatikana atarudi kwangu. Alifikiri kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Mama atakubali?"

Nilijua hakunitaja mimi.

Jamani, mkataa pema pabaya panamwita. Siwakatazi kuhama, London inachosha, nani asiyejua? Lakini usirudishe funguo kwa ajili ya video ya mtu usiyemjua. Nenda kwanza likizo, ukaulize kodi kwa wanaoishi pale. Na mtoto wako usimwachie mtu, hata kama mnaitana dada. Nenda naye. Kama ni kulala stesheni, mlale wote wawili.